Akijibu kwa Adabu, Vunjeni Mlango

Mgeni rasmi, Mkuu wa Afya wa mji wetu. Wasaidizi wako ulioandamana nao. Dereva wako, ambaye tangu asubuhi ameshatuzoea. Muuguzi wetu wa zahanati. Wazee wetu, kina mama, na ninyi wengine mliokuja kwa sababu mmesikia kuna soda: sisi wakazi na mafundi wa nyuma ya soko, tuliojikusanya katika Umoja wa Wagonga Mlango, tunakuamkia kwa heshima zote. Heshima yenyewe, kama utakavyosikia, ni kitu kinachotutia wasiwasi sana huku kwetu, lakini leo tumejikaza.

Kabla hatujafika mbali, tunaomba tukueleze mambo mawili ili usije ukashtuka.

La kwanza ni kile kiti kitupu cha mstari wa mbele, chenye kitambaa cha maua. Ni cha Mama Ndoo, mtunza choo cha soko, ambaye ndiye mwenyekiti wetu. Hajakudharau. Yuko kazini kwake, nyuma tu ya turubai hili, kwa sababu ambayo tutaifikia.

La pili, wakati risala hii inasomwa utasikia mtu anagonga mlango wa bati, halafu utasikia mtu mwingine anatukana. Ukisikia tusi, Mgeni rasmi, tunaomba upige makofi. Na yule msaidizi wako mrefu tafadhali asiinuke.

KARIBU TENA

Tunasema tena kwa sababu ulishafika, na tunajua hujasahau. Sisi pia hatujasahau. Katibu wetu, Kinyozi, ndiye anayekusomea risala hii, na ndiye aliyekushika miguu siku ile. Kamati ilimchagua asome makusudi, ili ukiwa na neno la kumwambia mtu, usihangaike kumtafuta.

Umekuja hata hivyo. Kuna waliosema hutakuja, na wengine wakasema utakuja na askari. Umekuja na dereva na tai mpya. Tunashukuru kutoka moyoni, na tai imekupendeza.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, huku kwetu kuna watu wanatumia unga. Hatulisemi hilo kwa kujivunia, na hatulisemi kwa kunong'ona pia, maana tumenong'ona miaka mingi na hakuna aliyepona kwa kunong'onewa. Ni watoto wetu, ni mafundi wetu, wengine ni sisi wenyewe tuliosimama hapa na mashati ya kupiga pasi.

Zamani unga ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa ubaya tuliouzoea. Siku hizi mtu ananunua asichokijua kutoka kwa mtu asiyekijua. Wanachanganya humo vitu vya maabara vyenye nguvu za ajabu, chembe tu inamlaza mtu mzima, na pakiti ya leo haifanani na ya jana hata kama imefungwa na mkono uleule. Muuzaji mmoja alikuja kutulalamikia kwamba tunaharibu sifa ya bidhaa yake. Tukamkaribisha, tukampa kigoda, tukamuuliza kwa utaratibu kabisa, bidhaa yako ina nini ndani? Akafikiri, akajikuna, akasema, "Jamani, hata mimi sijui. Mimi nanunua tu kama ninyi." Tangu siku hiyo tunamwonea huruma kidogo, si sana.

Watu wakaanza kudondoka. Walidondokea vyumbani, kwenye mapagala, na zaidi chooni, kwa sababu choo kina komeo, na mwenye aibu hutafuta komeo. Mama Ndoo ndiye aliyekuwa akiwakuta. Anafika asubuhi na ndoo yake na dekio lake, anasukuma mlango, mlango unagoma, na yeye anajua.

Basi akaanza kugonga. Mtu akiingia akachelewa, anamgongea. "Upo?" Na mtu anajibu, "Mm." Tukaridhika na hiyo "mm" kwa muda, mpaka siku Fundi Viatu alipojibu "mm" vizuri kabisa, tena mara mbili, na tulipofungua tukamkuta midomo imeshabadilika rangi na anakoroma ule mkoromo mbaya wa mtu ambaye pumzi inamuaga. Bahati yake muuguzi alikuwa sokoni ananunua nyanya, na alikuwa na ile dawa ya kupuliza puani, ile inayomzindua aliyezidiwa na unga. Akapuliza. Akapuliza tena. Sote tumeinama juu yake.

Fundi Viatu akafumbua macho. Hakusema asante. Dawa ile ikimzindua mtu inamnyang'anya na starehe yake yote, anaamka na arosto, yale maumivu ya mwili unaoudai unga, kwa hiyo yeye aliamka na matusi. Alimtukana muuguzi, akamtukana Kinyozi na mkasi wake, akamtukana muuza maji aliyekuwa anajipitia tu na mkokoteni. Akauliza ni mshenzi gani amemvua viatu. Tulikumbatiana, Mgeni rasmi. Hatujawahi kutukanwa vile tukafurahi vile.

Mama Ndoo alikaa na jambo hilo siku nzima, halafu jioni, akiwa anakamua dekio, akasema, "Nimeelewa. Mtu anayekufa hawezi kutukana."

Tukambishia. Akatufafanulia polepole, kama anavyofanya na wanaotaka kuingia na mguu wenye tope. "Kusema 'mm' ni kazi ya koo tu. Hata kusema 'nipo' mdomo umezoea, unajisemea wenyewe. Lakini tusi ni kazi. Linataka pumzi, linataka akili, na lazima umjue unayemtukana."

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wetu. Anayeingia na kitu chake anamwambia mtu. Asiwe peke yake, hata siku moja. Aonje kidogo kwanza, asubiri, ndipo aamue. Yule aliyeambiwa anagonga, na aliye ndani analazimika kumtukana. Tusi liwe jipya, maana la jana mdomo umeshalikariri. Lisiguse marehemu wa mtu wala kilema cha mtu, sisi ni watu wenye malezi. Na aliye ndani akijibu kwa adabu, tunavunja mlango.

TULIYOFANIKIWA

Kwanza, tumetukanwa sana.

Pili, tuna taulo jekundu. Pakiti mbaya ikiingia mtaani, watu wawili wakizidiwa na kitu kimoja, Kinyozi anatundika taulo jekundu mlangoni kwake na kila mmoja anajua leo ni siku ya kupunguza na kutokwenda mbali na wenzako. Kulitokea kasoro moja: mke wa Kinyozi alilifua akalianika bila kujua, mtaa mzima ukashika tahadhari mpaka lilipokauka, na siku hiyo hakuna aliyezidiwa. Tulipanga kwenda kumlaumu, tukaishia kumpelekea sabuni.

Tatu, muuguzi alitufundisha. Sasa hata muuza maji anajua kumlaza mtu, kuinua kidevu, kumpulizia pumzi mdomoni, na kutomwacha akishaamka, kwa sababu dawa ya puani inaweza kuisha nguvu kabla ya unga, na mtu akazama tena. Zamani tulikuwa tunawamwagia maji na kuwapiga makofi. Waliolowa bure wametusamehe.

Nne, na hili tunataka ulisikie vizuri, ni Mama Ndoo na mwanawe.

Mwanawe ni Fundi Redio. Kile kipaza sauti unachokiona mbele yako amekitengeneza yeye jana, kilikuwa kimekufa kabisa. Ni mtoto wake wa pekee, na alimlea peke yake kwa ukali wa salamu. Mtoto yule alikuwa akiamkia hadi watu wasiomwona. Alikuwa hajibizani na mkubwa na hainui sauti. Watu walikuwa wanamwonyesha kwa watoto wao, wanasema, mnaona mwenzenu?

Naye ndiye aliyeingia kwenye unga. Na yeye ndiye peke yake mtaani aliyeshindwa utaratibu wetu, kwa sababu mgonga mlango alikuwa mama yake, na yeye hawezi kumtukana mama yake.

Siku ya kwanza Mama Ndoo aligonga. "Upo?"

Halafu ikatoka sauti ndogo. "Mama... wewe... si mrefu sana."

"Hilo ni tusi au unanipimia gauni? Sema lingine."

"Siwezi, mama."

"Nimekulea nikakufundisha adabu, sasa ninakufundisha kukosa adabu. Yote ni malezi. Sema."

"Chai yako... chai yako haina ladha."

"Hapo unaelekea. Kesho uje na nzuri kuliko hiyo."

Wakawa wanafanya mazoezi nyumbani, Mgeni rasmi, wakati wa kula. Majirani walidhani nyumba imeingiliwa na shetani. Mama anapakua, anasema, haya nitukane, na kijana anainamisha kichwa na kuomba radhi kwanza ndipo aanze. Mama anasahihisha. Hilo limepoa. Hilo ulishalisema Jumanne. Hilo zuri, lakini usicheke katikati. Miezi ilivyokwenda kijana akaiva. Siku aliyomwambia mama yake kupitia mlango wa bati kwamba akianza kuimba hata ndoo zinatafuta vifuniko vyake, soko lilisimama. Mama Ndoo aliegemea dekio, machozi ya kicheko yanamtoka, akatuambia, "Mnamsikia mwanangu? Mzima kabisa huyo."

JAMBO LILE

Sasa tunafika kwako.

Ulikuja kukagua soko bila kutangaza, jambo zuri kwa kiongozi. Tumbo likakusumbua, jambo la kawaida kwa binadamu. Uliingia chooni kimyakimya kwa mlango wa nyuma, na Mama Ndoo, aliyekuwa anajaza mapipa, akakuta tu mlango umefungwa na hakuna aliyemwambia kitu. Akasubiri. Ukakawia. Akagonga.

"Upo?"

Na wewe, Mgeni rasmi, ukajibu, tena kwa sauti laini, "Nipo, mama. Samahani sana kwa kukuchelewesha. Ahsante kwa kunijali. Mungu akubariki."

Katika historia ya choo kile hakujawahi kutoka maneno kama yale. Mtu akiomba samahani tu tunashtuka. Wewe uliomba samahani, ukashukuru, ukabariki, yote kwa pumzi moja. Mama Ndoo aliangusha ndoo. Alichosema ni, "Huyu anatuaga," na baada ya hapo ni bega la Fundi Viatu na komeo.

Tulikutoa kwa upendo. Tulikulaza, tukainua kidevu, tukapuliza dawa puani. Ukapiga chafya. Ukasema, "Jamani, mimi ni Mkuu wa Afya." Fundi Viatu akakushika mkono, akakwambia kwa upole, "Tulia, mzee. Hata mimi siku ile niliamka waziri. Itapita." Kwa kuwa ulizidi kusisitiza cheo, tukaona hujakaa sawa, tukapuliza na pua ya pili.

Dawa ile haimdhuru mtu ambaye hajatumia kitu. Muuguzi alituhakikishia hivyo, na wewe mwenyewe ni shahidi, unang'aa. Kuhusu suruali, wanachama wote waliapa hawatalisema jambo hilo kokote, na mpaka leo wamelisema sehemu chache tu. Tunaomba radhi kwa komeo, kwa miwani, na kwa Fundi Viatu kukuita mzee.

Ila kwa kuvunja mlango hatuombi radhi. Tulijadiliana sana juu ya sentensi hiyo, wengine wakataka tuifute. Mama Ndoo akasema ibaki. Alidhani unakufa, hakujua wewe ni nani, akauvunja. Angekujua angeuvunja vilevile.

YANAYOTUSIBU

Siku ya pili yake wasaidizi wako walikuja wakachukua kisanduku cha dawa kilichokuwa chini ya kiti cha Mama Ndoo. Walisema ni kwa usalama. Hatuamini kwamba uliagiza wewe. Tunaamini walikuonea uchungu kupita kiasi, kama wasaidizi wanavyofanya. Kisanduku kikapelekwa ofisini kwenu, kikafungiwa kabatini. Kabati lina ufunguo, ufunguo una mtunzaji, na mtunzaji ana mambo yake kama watu wote: anakwenda kunywa chai, anakwenda kununua vocha, anauguliwa na shangazi. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba kifua cha mtu hakisubiri chai.

Fundi mwenzetu Mpaka Rangi, aliyepaka jengo lile la bluu unaloliona, hakusubiriwa. Aligongewa kwa wakati, mlango ukavunjwa kwa wakati, na kila mtu alifanya alichofundishwa. Kitu kimoja tu hakikuwapo, kwa sababu kilikuwa kabatini. Alikuwa na matusi mazuri kuliko sisi sote na hakuwahi kurudia hata moja. Tumemaliza habari zake hapo kwa sababu Kinyozi amesema akizidishiwa mstari hataweza kusoma.

Halafu ikaja siku ya Fundi Redio.

Alikuwa ametoka kuacha. Alikaa kwa baba yake mdogo muda mrefu, akanenepa, akarudi, na akateleza. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote, muuguzi alishatuambia: mwili umesahau ulichozoea, lakini mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Alimwambia mama yake, kama utaratibu unavyotaka. "Mama, naingia." Mama Ndoo akavuta kiti chake karibu na mlango. Akagonga.

"Upo?"

Na kutoka ndani, polepole, kwa sauti nzuri ya mtoto aliyelelewa, "Shikamoo, mama."

Miaka yote ya utoto wake alimfundisha salamu ile, alimfinya kwa ajili yake, alimpa andazi kwa ajili yake. Siku hiyo hakuna neno duniani aliloliogopa kuliko hilo. Hakuita mtu. Tulisikia tu bati linapasuka, na tulipofika alishauangusha mlango kwa mpini wa dekio na yuko sakafuni, amemlaza mwanawe kwenye maji ya sabuni, anampulizia pumzi mdomoni.

Kinyozi alikwenda mbio na mteja wake nyuma, mteja mwenye ndevu upande mmoja. Muuza maji alitupa mkokoteni akakimbilia ofisini kwenu. Kule akaulizwa ana miadi na nani. Mtunza ufunguo alikuwa ametoka kidogo. Mama Ndoo akapuliza. Kinyozi akataka kumpokea, akamsukuma kwa kiwiko, akapuliza. Yule mama umri umemwenda. Kichwa kilikuwa kinamzunguka, jasho linamdondokea kijana usoni, anapuliza na kusema katikati ya pumzi, "Nitukane. Nitukane, baba. Nitukane nikusikie."

Muuguzi alifika akihema na dawa moja aliyoazima kwa wenzake wa zahanati ya mbali. Akapuliza puani. Tukangoja. Hatutaki kusema tulingoja kiasi gani.

Fundi Redio akafumbua macho, akamwangalia mama yake aliyekuwa amemwinamia karibu kabisa, akakunja uso.

"Mama," akasema, "umekula kitunguu."

Mama Ndoo akakaa pale pale kwenye maji. "Ndiyo, baba," akasema. "Tena kibichi." Akalia mpaka mteja mwenye nusu ndevu naye akalia, na yeye hakuwa anamjua mtu yeyote pale.

TUNAYOOMBA

Tunajua wageni rasmi huombwa barabara, mabati na madawati. Sisi tuna mahitaji madogo, na karibu yote yanaingia chini ya kiti.

Tunaomba kisanduku kirudi kwa Mama Ndoo. Kama lazima kiwe na ufunguo, ufunguo aufunge kiunoni, hajawahi kutoka kidogo. Na kwa Kinyozi kiwepo kingine, na kwa yeyote atakayekubali kufundishwa, hata yule muuzaji, ambaye ameshaomba.

Tunaomba milango ya choo ifunguke kwa nje, na komeo liwe la kufunguka pande zote mbili. Bega la Fundi Viatu limechoka, na amebaki na lingine moja tu. Tunaomba vile vijikaratasi vya kupimia unga, mtu ajue kilichomo kabla hakijamjua yeye. Tunaomba pia anayemleta mwenzake hospitali aliyezidiwa asikamatwe getini, kwa sababu wiki hii tu mtu alibebwa hadi pale, akaegemezwa ukutani, kengele ikapigwa, na waliomleta wakakimbia kama wezi wa kuku. Si wezi. Walikuwa rafiki zake.

Na Fundi Redio ameomba nafasi kliniki, apate dawa ya kunywa kila siku chini ya daktari, aachane na pakiti hizi. Ameambiwa asubiri zamu. Yeye yuko tayari kusubiri. Tunachokuomba ni utusaidie awe hai zamu ikifika.

Mwisho wa maombi, Mgeni rasmi, ukihitaji kwenda chooni leo, karibu sana, pamepakwa rangi. Lakini ukigongewa, tafadhali tutukane. Kama huna tusi, dereva wako tumempa matatu, uchague. Lile la kwanza linahusu kipara cha Kinyozi, na Kinyozi ameridhia.

TUNAMALIZIA

Tulisema tutafikia sababu ya kiti kitupu.

Fundi Redio aliposikia tarehe ya ugeni huu alimwambia mama yake ukweli. "Mama, siku hiyo nitajitahidi nikae na watu. Nikishindwa nitakwambia, sitakudanganya." Arosto haina ratiba ya wageni. Asubuhi hii, viti vinapangwa, alimfuata akamwambia, "Nimeshindwa." Mama Ndoo alikuwa ameshavaa gauni lake jipya na kitambaa ameshakitandika kitini. Akasema, "Haya, baba. Onja kidogo. Mimi nipo mlangoni." Akachukua dekio.

Mgeni rasmi, umesikia mwenyewe akigonga tangu tulipoanza, na umepiga makofi vizuri kila mara, hata pale lilipotajwa tumbo lako. Sasa ni zamu ya kugonga kwa mwisho, kisha kijana atatoka aje azime kipaza sauti chake. Dereva wako tumemwomba awe ameshawasha gari. Tunaomba kila mtu anyamaze kidogo, na waliofungua soda wasinywe.

(Hapa msomaji asimame. Asiendelee mpaka tusi lisikike.)

(Likisikika, asome yafuatayo:)

Umesikia. Huyo ni mzima, na ndiye aliyekutengenezea sauti. Mungu akupe afya wewe unayetunza ya wengine, akupe macho yasiyochoka na watoto wanaokujibu ukiwaita. Usafiri salama. Ukifika ofisini, kabla hujavua koti, pitia kabatini. Ni sisi watiifu wako, tukiongozwa na Mama Ndoo, Umoja wa Wagonga Mlango, nyuma ya soko.

(Lisiposikika, msomaji aweke karatasi chini akimbie na wenzake. Aya ya kusoma wakati huo haipo. Tulijaribu kuiandika, mama yake akakataa.)